Umeme Uliokataliwa Ziegenwalde

Saa sita kasoro dakika nne mchana, chumba cha kuendeshea gridi kilitoa amri: shamba la paneli la Ziegenwalde lishushe umeme wake mpaka theluthi. Fundi wa zamu, Jörn Petzold, aliweka pembeni mkate wake wa soseji, akabofya, na inveta kumi na mbili, mashine zinazougeuza umeme wa jua uweze kuingia kwenye gridi, zikatii. Namba tisa nayo ilitii. Ila umeme iliokatazwa kuupeleka ulitokea kwenye matundu yake ya hewa, ukaruka uzio, ukashika njia ya kijijini kwa miguu.

Jörn aliufuata kwa baiskeli. Uliingia kwa Irmtraud Kubitz, mjane wa miaka themanini na mmoja. Kebo nene ya shamba lile ilipita chini ya viazi vyake, lakini nyumba yake ilikuwa na waya mwembamba wa zamani, wa kutosha taa na redio tu. Kila mwaka, kwa miaka minane, aliomba waya mkubwa ili apashe nyumba joto, na kila mwaka alijibiwa kwamba gridi imejaa.

Umeme alioufuata ulikuwa umekaa kwenye benchi la jikoni, wa manjano, mkubwa kama ndama, ukimpasha bibi magoti.

"Huu wako?" aliuliza Irmtraud.

"Wa kampuni, mama."

"Iambie kampuni iufundishe kufuta miguu. Kaa, kuna keki ya plamu."

Ulirudi kila mchana wa kiangazi kile. Hatimaye kampuni ilimleta mhandisi, Wiebke Thormählen, aliyeupima mgeni kwa futikamba.

"Inveta ikiambiwa ipunguze, ipunguze," alimwambia Jörn.

"Imepunguza. Tazama namba. Huu ni ule uliokataliwa."

"Ukikataliwa unatakiwa usiwepo."

"Mimi nimekataliwa mara nane," alisema Irmtraud, "na bado nipo."

Wiebke alikula kipande cha pili cha keki, akaagiza matundu ya namba tisa yazibwe, la sivyo Jörn atafute kazi nyingine. Jörn aliziba matatu, akaacha moja, akaandika kwamba ameyaziba yote.

Ombi la tisa la Irmtraud lilijibiwa Oktoba. Limekataliwa, barua ilisema, kwa kuwa nyumba tayari inapata joto.

Desemba jua likawa hafifu na umeme wote ukatakiwa mjini. Hakuna kilichokataliwa, kwa hiyo hakuna kilichokuja. Jörn alimkuta bibi amevaa makoti mawili, amekaa pembeni mwa benchi.

"Siku hizi wanautaka wenyewe," alisema Irmtraud. "Mwezi wa tatu watauchoka. Una kalamu?"

Wakajaza ombi la kumi. Penye swali la idadi ya wakazi wa nyumba, Jörn alimtazama.

"Andika wawili," alisema bibi. "Mmoja wa msimu."