Nyumba ya Kumlaza Bulugu

Aibu ya Bonifasia ilianzia kwenye ukarimu wake mwenyewe. Mwaka jana vijana wa Kaniha walipokuja Mbuba kwa kongamano la kanisa, kiongozi wao Bulugu alilala kwake. Akampikia ndizi kwa nyama, chakula cha heshima kwa Wahangaza wa Mbuba, sinia limejaa pomoni. Bulugu alikula, akashukuru, kisha akakaa akingoja ugali. Msukuma asiyeona ugali hajala, hata umpe ng'ombe mzima! Alingoja mpaka taa ikazimwa. Maneno hayana miguu lakini yalifika Kaniha: Mbuba mgeni hulala njaa.

Mwaka huu kongamano liliporudi Mbuba, kazi ya kuchagua nyumba za wageni ikamwangukia Bonifasia. Ya Bulugu alishaichagua zamani: ni yake yeye. Angeifutaje aibu bila mtu yule kula tena kwake na kushiba?

Akapita mlango kwa mlango akiuliza watapika nini. Wote walisema ndizi, vifua mbele. Mzee Evaristi akaja juu kabisa.

"Mgeni nimpe ugali kama kibarua? Unataka nichekwe?"

Ilibidi ambembeleze ndipo akakubali kuusonga, mradi ndizi zitangulie.

Mwisho akafika kwa bibi Mukeshimana, mjane aliyekuja kutoka Rwanda miaka mingi iliyopita. Huyu hakuwahi kupewa mgeni, eti nyumba yake ndogo.

"Shikamoo, bibi. Nikikupa mgeni, utampikia nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kwanza niambie, kwao wanakula nini?"

Swali jepesi namna ile, na mwaka jana halikumjia Bonifasia! Alimpenda bibi yule palepale, na palepale moyo ukamuuma, kwa sababu alijua Bulugu anastahili kulala wapi. Akamweleza bibi kila kitu, hata aibu yake, kisha akampa mgeni wake.

Jioni ya kwanza ya kongamano bibi akamwita jikoni.

"Mkono unaniuma, mwanangu. Nisaidie kusonga."

Bonifasia alisonga mpaka jasho likamtiririka, bibi akishughulika na mlenda. Bulugu alipokaribishwa pamoja na wenzake wa Kaniha, alimega, akachovya, akamega tena, wala hakuinua kichwa. Aliposhiba akamgeukia mwenye nyumba.

"Bibi, leo nimekula."

"Mshukuru Bonifasia. Kasonga yeye. Mimi nina jiko tu."

Bulugu akasimama mbele ya wenzake, akaupokea mkono wa Bonifasia kwa mikono yake miwili.

"Dada, Kaniha nitawaambia mwenyewe."

Bonifasia akainamisha uso, machozi yasionekane. Alipouinua, bibi Mukeshimana alikuwa anatoka nje kuosha vyombo, sufuria zito la ugali akilining'iniza kwa mkono uleule aliosema unauma.