Uso wa Mzee Bakili

Ijumaa asubuhi Zulekha aliipaka nta meza ya kulia chakula. Alifanya hivyo kila wiki kwa miaka kumi na tisa: anafuta vumbi, anachota nta ya nyuki kwa kipande cha fulana kuukuu, anasugua kufuata nyuzi za mbao, anaacha ikauke, kisha anang'arisha. Meza ilikuwa ya mninga mtupu, ya watu wanane. Nyumba ilikuwa Kariakoo, vyumba sita, na kila dalali aliijua kuliko wenyewe.

Wiki hiyo, alipomaliza kung'arisha, uso wa marehemu baba yake, Mzee Bakili, ukatokea kwenye mbao, upande aliokuwa akikaa. Ndevu zimechongwa vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kona ile hujaigusa."

Akaisugua.

Baada ya swala kaka zake wawili, Abubakary na Hashimu, walikuja na mnunuzi wa nyumba. Walimwamkia baba, wakavuta viti. Mnunuzi, Eliakimu, muuza mapazia, alitaka kubomoa ajenge ghorofa. Naye alitoa shikamoo, maana kwao alilelewa.

"Chumba cha mbele nilimpa Zulekha," baba akasema. "Na nyie mlikuwepo. Ndiye aliyeniuguza."

"Kweli, baba," Abubakary akajibu. "Ila hukuandika."

"Sasa niandike kwa mkono gani?"

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, baba."

Hashimu, ambaye elimu yake iliishia kwenye kununua miwani, alifafanua kwamba marehemu hana saini. Eliakimu akauliza kama meza inakwenda na nyumba. Wakamwambia hapana, hiyo ndiyo sehemu ya dada. Mninga siku hizi haupatikani, kapata bahati.

"Kwa hiyo mimi nikalale juu ya meza?" Zulekha aliuliza.

"Dada, usipende makuu. Tuletee chai."

Karatasi za mauzo zikatandazwa. Baba alikuwa bado anaongea, kwa hiyo Abubakary akazisogeza kidogo, zikamziba mdomo. Wakasaini. Kalamu ilipopita, mzee alikunja pua. Zulekha alileta chai na kuweka kitambaa chini ya kila kikombe, kwa sababu kikombe cha moto huacha duara jeupe kwenye nta, na pale palikuwa shavuni.

Jumatatu mkokoteni uliishusha meza Jangwani, kwenye chumba alichopanga. Haikuenea. Wakaing'oa miguu, wakaisimamisha ukutani kwa ubavu, na Mzee Bakili akawa amejilaza ubavu. Mwenye nyumba, Mama Mektilda, alichungulia akasema wageni wa kiume hawaruhusiwi. Alipoambiwa ni baba mzazi, akamwamkia na kwenda zake.

Ijumaa Zulekha alifungua kopo la nta.

"Hiki ndicho chumba cha mbele?" baba akauliza. "Mbona kina unyevu?"

"Ndicho, baba," akasema. "Funga mdomo nikupake."