Gari la Marehemu Wojcik

Uvumi huo niliusikia kanisani kwetu mjini Hamtramck, siku ya mlo wa samaki wa Kwaresima, nikashindwa kuusahau: gari la marehemu Wojcik, hata ukiliacha bila gia, asubuhi utalikuta kwenye gia ya pili. Mjane wake alikuwa anauza mawili, hilo la gia za mkono na jingine la otomatiki. Nikamsihi binti yangu Colleen achukue la otomatiki.

"Mama, hilo ni la vikongwe wanaoendesha huku wakila donati!"

"Afadhali donati kuliko jeneza, mwanangu."

Akachukua la gia. Jioni alilitoa gia nikiona kwa macho yangu, tukafunga gereji, ufunguo nikalala nao. Asubuhi akaliwasha bila kukanyaga klachi. Likaruka, likabomoa ukuta niliokuwa nimetoka kuuegemea.

"Mama, jana si nililitoa gia?"

"Ulilitoa."

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kununua gari la marehemu kwa sababu linang'aa.

Kuwasha gari la gia bila kukanyaga klachi.

Kusimama mbele ya gari linalowashwa.

Kumwachia mtoto achague peke yake.