Dume Aliyetaga Kwenye Buti

Siku mkunga alipostaafu, wauguzi wenzake walimpa zawadi ya vifaranga watano wa bata ndani ya boksi la dripu. "Umezoea vilio vya wachanga, mama," walimwambia, "nyumba isije ikapoa." Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa amezalisha wanawake. Vifaranga watano wangemshinda nini?

Aliishi na mdogo wake wa kiume, fundi viatu aliyefiwa na mke. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, na nyuma kulikuwa na ua mdogo wenye bomba, kamba ya kuanikia nguo na beseni kuukuu, ambalo sasa likawa bwawa.

Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Bata walinenepa, wakaota manyoya meupe, wakawa wanamfuata mkunga kwa mstari kama wanafunzi wa uuguzi. Wawili kati yao walikuwa na midomo ya kelele. Mmoja hasa, akipaza sauti, majirani walifunga madirisha. Fundi akambatiza Tarumbeta. "Hilo dume," alisema. "Sikia linavyofoka." Mkunga hakubisha. Watatu waliobaki walikuwa wapole, basi wakahesabiwa majike.

Mwezi wa nne ndipo kichwa kilipoanza kumgonga mkunga. Kwanza mmoja wa wale wapole alikaukwa na sauti, akawa anakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Mkunga alimtegea sikio kifuani, akaamua ni mafua. Akamnywesha maji ya uvuguvugu yenye asali kwa bomba la sindano, asubuhi na jioni, na kumwita Mnyonge. Badala ya Mnyonge kupona, wiki iliyofuata wapole wenzake wawili nao walikaukwa na sauti.

"Yanaambukiza," mkunga alimwambia mdogo wake kwa hofu. "Usiwashike bila kunawa."

Halafu ikaja mikia. Wagonjwa wote watatu waliota unyoya uliojikunja kwa juu, kama ndoano. Mkunga alidhani wanajikwaruza kwenye wavu wa uzio. Alichukua mkasi, akawakata, wakapendeza.

Halafu vichwa. Bata wote walianza kuinua na kuinamisha vichwa, juu chini, juu chini, wakitazamana, mithili ya wajumbe wa kikao wanaokubaliana kila neno. Alipekua daftari lake la zamani la magonjwa. Hakuona kitu.

Jumanne akiwa anafua, alisikia maji yakiruka. Mnyonge, mgonjwa wake mwenyewe, alikuwa amempanda Tarumbeta mgongoni mle kwenye beseni, amemng'ata shingo, anamzamisha. Mkunga alikuja na ufagio mbio, akampiga Mnyonge, akamtoa. Tarumbeta alijikung'uta, akaoga kwa raha zake, akarudi palepale kwa Mnyonge na kuanza kuinamisha kichwa upya.

"Huyu ana akili kweli?" mkunga alijiuliza.

Kesho yake Tarumbeta naye alimpanda yule mwenzake mwenye mdomo. Fundi alipiga makofi.

"Si nilikuambia, dada? Dume hilo! Na linasumbua wenzake. Jumamosi linaingia sufuriani."

"Na Mnyonge aliyempanda yeye jana?"

Fundi alikuna kidevu. "Labda walikuwa wanagombana tu. Lakini wewe umezalisha nusu ya mji huu, unaniuliza mimi fundi viatu?"

"Watoto wa watu nilikuwa nawageuza, naangalia, naandika kwenye kadi. Hawa nawageuza sioni kitu!"

Ijumaa jioni fundi alimfungia Tarumbeta karakanani. Asubuhi aliingia na kisu kilichonolewa, akakuta ukimya. Bata alikuwa ametulia kando ya buti la mlinzi wa benki lililolala ubavu, na mdomoni mwa buti mlikuwa na yai, bado lina joto.

"Dada! Njoo! Dume limetaga!"

Walilitazama lile yai, wakatazamana. Mkunga alichukua kisu mkononi mwa mdogo wake, akaenda kumpigia simu daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana ambaye mkunga mwenyewe ndiye aliyempokea duniani. Aliwashika bata mmojammoja, akawasikiliza wakilalamika.

"Mama, jike la bata ndilo lenye kelele. Dume likibalehe sauti inakwaruza. Hapa una madume matatu na majike mawili."

"Kwa hiyo mafua…"

"Hapakuwa na mafua. Wamekua tu. Na wangekuwa na unyoya umejikunja mkiani, sijui nani kawakata."

Mkunga alitazama bomba la maji kana kwamba linavuja.

"Tarumbeta naye alimpanda mwenzake," fundi alijitetea. "Niliona kwa macho yangu!"

"Majike hupandana wakati mwingine, hasa wakianza kupevuka. Shida yenu ni hii." Daktari alifunua manyoya ya shingo ya Tarumbeta, ngozi ilikuwa nyekundu, imenyonyoka. "Madume matatu kwa majike mawili ni mateso. Toeni madume mawili, mama, majike wapumue."

Jumapili Mnyonge na mwenzake walipelekwa kwa muuguzi mmoja mwenye majike tisa. Mkunga alirudi amepumua, akampaka Tarumbeta dawa. Lakini Tarumbeta hakutulia. Kutwa nzima alizunguka uzio akipiga kelele, hakugusa chakula. Ikawa siku ya pili, na ya tatu.

"Anamlilia yule aliyemchubua shingo?" mkunga aliuliza. Miaka yote kazini alikuwa ameliuliza swali la aina hiyo juu ya wanawake aliowashona majeraha ya kipigo cha waume zao, na hakuwahi kupata jibu.

Siku ya nne alishindwa kuvumilia. Alimfuata Mnyonge, akarudi naye kikapuni, akamwachia uani mbele ya Tarumbeta.

Tarumbeta alimtazama kwa jicho moja. Akamgeuzia mkia, akaenda kwenye beseni, akaanza kumwinamishia kichwa dume lililobaki.

Fundi alicheka hadi akakaa chini. "Sasa dada, tunamrudisha tena?"

"Sijui," alisema mkunga, kikapu bado mkononi. "Ngoja kwanza nikae."