Kikoromeo cha Baba Loveness

Mume wangu Filemon alikuwa na mdomo. Ukoo mzima ulimtuma kwenda kuposa, na hakuna baba mkwe aliyetoka salama mbele yake. Nyumbani nako alinimaliza vivyo hivyo: miaka thelathini na moja ya ndoa, sikuwahi kumshinda kwa maneno hata siku moja.

Saratani ya koo ilipomshika, mionzi ya Dar es Salaam iliituliza mwaka mmoja tu. Mwaka tisini na saba ikarudi. Daktari Eliezeri wa hospitali ya huku kwetu akatuambia bila kuremba: safari hii ni kisu, kikoromeo chote kitoke, apumue kwa tundu shingoni. Anaweza kupona, ila sauti basi.

"Sitaki," Filemon akasema, sauti ikikwaruza kama mlango wa zizi. "Heri nife nikisema."

Mpumbavu! Nilimpenda, lakini mpumbavu ni mpumbavu tu. Mchungaji alimsihi, watoto walilia, wote akawajibu wakaondoka vichwa chini.

Nikamwacha wodini, nikapanda mlimani nyumbani, nikakata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikalipiga fundo, nikarudi nalo wodini. Nesi akaniuliza kama nataka chombo cha maua. Nilipiga magoti, nikamnyooshea Filemon lile jani kwa mikono miwili.

"Baba Loveness, nimekukosea. Nisamehe."

"Umefanya nini?"

"Nimemwambia daktari umekubali."

Alinitukana kwa Kichagga na Kiswahili mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka. Lakini Mchagga aliyeletewa isale hakatai; hata aliyeuliwa ndugu yake hulipokea akasamehe. Akalipokea.

"Mwizi wewe," akasema, akatia sahihi.

Asubuhi wakimsukuma kwenda kupasuliwa, nilingoja neno tamu. Akaninyooshea kidole: "Ng'ombe umemwachia nani?" Mlango ukafungwa.

Mwezi uliofuata, tukiwa nyumbani, aliingia jikoni na viatu vya matope. Nikamshukia. Nilisema yote: ya mwaka sabini, ya mama yake, ya pombe yake ya mbege. Nilipomaliza akanitazama tu, midomo ikicheza bila kutoa kitu.

Nilikuwa nimeshinda, na sijawahi kuumia vile maishani. Nikaweka kiganja mbele ya lile tundu la shingo. Pumzi ilikuwa ya moto. Nikabaki hapo hapo, maziwa yakifurika mekoni.