Aliyewashikia Wezi Mlango

Bibi Simu aliwashikia wezi mlango kwa mgongo wake mwenyewe, tena akawapa na pole.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Alikuwa anarudi sokoni na kikapu cha nyanya, akakutana nao chini ya ngazi: wanaume wawili wenye ovaroli za bluu, wamebeba cherehani kubwa ya umeme pamoja na meza yake, mzigo umewaziba nyuso. Mlango wa jengo lile una springi kali. Ukiuachia, unakurudia kama kofi. Basi Bibi Simu akatua kikapu, akaubana mlango kwa mgongo, akasema, "Poleni na kazi, wanangu. Taratibu hapo, kuna kizingiti."

"Ahsante, mama," akajibu yule wa nyuma, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo. "Mungu akuzidishie."

Akapanda zake hadi ghorofa ya kwanza, akaosha nyanya, akawasha redio. Saa saba mchana akasikia ukelele ghorofa ya pili.

Aliyepiga ukelele ni mshonaji, dada wa makamo anayeishi peke yake na kushonea sebuleni. Alikuwa ametoka kumpima mteja. Kurudi, kakuta kitasa kimeng'olewa, cherehani haipo, na gauni la harusi alilokuwa hajamaliza, lililojaa pini, nalo limekwenda.

Majirani wawili watatu walikuja, wakatikisa vichwa, wakasema siku za mwizi ni arobaini, wakarudi kwao. Askari akaja, akauliza nani kaona nini. Hapo Bibi Simu angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini moyo ulimsuta, akajikohoza.

"Mlango niliwashikia mimi," akasema.

Askari akainua kalamu. "Sura zao?"

"Sura sikuziona. Ila sauti ya mmoja ninayo."

Askari akashusha kalamu. Hakujua anaongea na nani. Bibi Simu alikuwa opereta wa simu hospitalini miaka thelathini na mmoja, ndiyo maana hata jina lake lilishasahauliwa. Madaktari aliwajua kwa kikohozi. Mtu akisema "halo" mara moja, mwaka ujao akipiga, Bibi Simu anamuuliza mguu wake umeponaje.

Askari alipoondoka, wakabaki wawili. "Mwanangu, nisamehe," Bibi Simu akasema. "Hata kizingiti niliwaonyesha."

Mshonaji akamtazama kwa macho mekundu. "Nashukuru kwa kuniambia ukweli, mama," akajibu, akafunga mlango. Kwa kuwa kitasa hakipo, mlango ukafunguka wenyewe. Akaufunga tena. Ukafunguka tena. Wakatazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili bila kupenda, kile kicheko cha msibani kinachokuja na machozi.

Usiku ule Bibi Simu hakupata usingizi, na kulipokucha akampigia mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma. Huyu mdogo wake hajui kufanya jambo kidogo. Alikuja na mkokoteni mzima. Kwenye mlango wa dada yake akaweka komeo juu, komeo chini, kufuli mbili za kichwa kikubwa, kitasa kipya, na mnyororo ambao ungeweza kufungia ng'ombe.

"Dada, sasa lala," akasema, akipangusa jasho. "Hapa haingii hata mbu."

Mbu hakuingia kweli. Shida ni kwamba siku ya tatu Bibi Simu naye hakutoka. Alikuwa anafungua kitasa aende dukani, ufunguo ukakatikia ndani. Mdogo wake alikuwa safarini. Madirisha yote yana nondo. Akakaa kwenye stuli, akajiona kama mfungwa aliyejijengea jela kwa hiari, akampigia mshonaji.

Mshonaji akashuka, akaita fundi kufuli, akaketi kwenye ngazi kumsubiri. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Wakaongea katikati ya mlango. Miaka saba wamekaa jengo moja na hawakuwahi kuvuka "hujambo, sijambo". Ndipo Bibi Simu akajua kuwa harusi ya mwenye gauni imebaki siku tisa, na bibi harusi bado hajaambiwa.

"Kushona jingine kwa mkono haiwezekani?" akauliza kutoka ndani.

"Inawezekana, lakini pindo lile, mama! Mita sita za pindo. Nitashona mpaka nipofuke."

"Pindo naliweza mimi. Nitoe humu kwanza."

Fundi kufuli alikuwa mzee mfupi mwenye mkoba wa ngozi. Makomeo na kufuli Bibi Simu alishafungua. Kilichobaki ni kitasa kile kipya. Mzee akapiga magoti, akachokoa kwa waya, akapuliza, mlango ukaachia. Hata meno hakuyakaza.

"Ndiyo hicho tu?" Bibi Simu akashangaa. "Mdogo wangu kasema ni cha kuzuia jeshi."

"Kimekuzuia wewe," mzee akasema, akitazama lile ghala la vyuma mlangoni. "Sikiliza, mama. Weka kitasa kimoja kizuri, komeo moja, na tundu la kuchungulia. Ufunguo wa akiba mpe jirani, usiufiche chini ya zulia, kwa sababu huko ndiko wanakoanzia. Halafu ujue jambo moja: mwizi wa mchana hategemei nguvu. Anategemea kwamba hakuna atakayemuuliza. Muulize tu mwenye nyumba anaitwa nani, utaona miguu inavyomuwasha."

Maneno yale yalimkaa Bibi Simu. Siku tisa zilizofuata alishona pindo sebuleni kwa mshonaji, miwani puani, vidole vimetobolewa na sindano, na huku anashona anafikiri. Gauni likaisha asubuhi ya harusi yenyewe. Bibi harusi akazunguka mara tatu mbele ya kioo, hakuona tofauti yoyote, akaondoka anaimba.

Wao hawakuimba. Walijitupa kwenye kochi, wakalala wameketi.

Wiki iliyofuata Bibi Simu akaanza kubisha hodi. Jengo lina ghorofa nne, milango minane. Kila mlango alieleza lile lile: nipe namba yako ya simu, niambie unatoka saa ngapi, na ukihamisha kitu kikubwa kuliko begi, nijulishe.

"Mpaka nikitoa godoro kulianika niombe ruhusa?" akauliza muuguzi wa ghorofa ya tatu, ambaye hufanya kazi zamu ya usiku na alikuwa amekatizwa usingizi.

"Si ruhusa, mwanangu. Salamu tu."

Aliyekuwa mgumu ni kapera wa ghorofa ya nne, mkaguzi wa tiketi za treni. Huyo hasalimii mtu. Hupita kwenye ngazi kama anayekimbia mvua. Alifungua mlango nusu, akatoa namba yake, akafunga. Bibi Simu akaona hiyo nayo ni hatua.

Mdogo wake, aliyekuwa amenuna kwa sababu makomeo yake yaliondolewa, akapewa kazi nyingine: kufufua geti la chuma lililokuwa chini ya ngazi, lililoshikana kwa kutu tangu zamani. Akalifufua. Kila nyumba ikapewa ufunguo, kila mmoja akaahidi kulifunga, na kila mmoja akawa anasahau.

Makosa pia yalitokea. Siku moja Bibi Simu alimzuia mwanamume aliyekuwa akishuka na kabati, akamhoji mpaka akatokwa na jasho. Alikuwa shemeji yake muuguzi, tena alikuwa akimpelekea lile kabati kwa seremala. Jengo zima lilicheka siku mbili. Muuguzi akawa akitoka na mkoba anasimama mbele ya mlango wa Bibi Simu, anasema kwa sauti, "Mkoba mmoja, ndani mna mwavuli na ndizi mbili!" Bibi Simu naye alicheka, lakini moyoni aliumia kidogo, akaanza kujiuliza kama hatwangi maji kinuni.

Basi asubuhi moja, saa nne na dakika chache, yuko bafuni ameloweka nguo. Nyayo zikapita mbele ya mlango wake zikipanda. Watu wawili. Halafu sauti, nzito, yenye mkwaruzo:

"Ya nne, mlango wa kushoto. Huyo hutoka alfajiri."

Sabuni ikamponyoka. Sauti ndiyo ile ile, aliyoombewa nayo azidishiwe.

Akajikausha mikono, akavuta pumzi, akashika simu, na alipoishika akawa mtu mwingine: akawa yule opereta wa miaka thelathini na mmoja. Kwanza akampigia kapera. "Mwanangu, kuna mtu umemtuma nyumbani kwako?"

"Mimi? Hapana! Niko ndani ya treni!"

"Baki na tiketi zako. Nakata." Akawapigia polisi, akataja jengo, ghorofa na idadi ya watu bila kupumua. Akampigia mshonaji. Akamwamsha muuguzi. Wote wawili akawaambia hivi: "Wamo ndani. Funga mlango wako. Usitoke mpaka nikupigie."

Kisha akavaa kandambili, akashuka kwa ncha za vidole, akatoka nje ya geti la chuma, akalivuta, akalifunga kwa ufunguo. Akasimama upande wa pili, mgongo kwa barabara. Muuza magazeti wa ng'ambo akaja kuuliza kulikoni. Akaja na mwenye duka, na fundi viatu. Aliposikia mguno na mburuzo vikiteremka, akawapigia tena mshonaji na muuguzi watoke.

Wakatokea kwenye kona ya mwisho ya ngazi, ovaroli zile zile za bluu, wamebeba friji. Yule wa mbele anashuka kinyumenyume, hivyo hakuona geti mpaka mgongo wake ulipoligonga.

"Mama, tufungulie," akasema wa juu, kwa heshima kabisa. "Mzigo mzito."

"Pole, mwanangu. Mzigo wa nani?"

"Wa mwenye nyumba. Tunapeleka kwa fundi."

"Anaitwa nani?"

Friji likatetemeka kidogo. "Ni… Mama Watoto."

Nyuma yao kicheko kikalipuka. Muuguzi alikuwa amesimama kwenye ngazi na gauni lake la kulalia, mkononi ana mpini wa fagio. Ubavuni pake, mshonaji ana pasi ya moto. "Kapera yule ana watoto?" muuguzi akasema. "Hata paka hana!"

Wezi wakatazama juu, wakatazama chini. Kulitua friji hawawezi, maana ngazi pale ni nyembamba na ukilikosea linakuja na wewe. Wakabaki wamelikumbatia, jasho linawachuruzika, mpaka gari la polisi lilipofika.

Askari alikuwa yule yule wa kwanza. Akawatazama, akamtazama Bibi Simu. "Umewatambuaje?"

"Sauti nilikwambia ninayo. Hukuandika."

Safari hii aliandika, tena kurasa mbili. Kisha mkuu wake, aliyekuja naye, akatazama lile friji lililoziba njia, akaamuru kwa utulivu: "Walioshusha, wapandishe." Na jengo zima likasindikiza friji kurudi ghorofa ya nne, hatua kwa hatua, wezi mbele, askari katikati, muuguzi nyuma akipiga mpini wa fagio kwenye ngazi kama mpiga ngoma wa gwaride.

Jioni ile ile cherehani ilipatikana kwenye ghala walilokuwa wakifichia mali, ikiwa nzima isipokuwa sindano iliyovunjika. Gauni la kwanza lilikuwepo pia, limekunjwa ndani ya gunia, pini zote mahali pake. Mdogo wake Bibi Simu aliibeba cherehani mgongoni peke yake hadi ghorofa ya pili, na safari hii mshonaji mwenyewe ndiye aliyemshikia mlango. Aliiwasha papo hapo, akapitisha kipande cha kitambaa, akasikiliza inavyonguruma. Akamgeukia Bibi Simu. Akamkumbatia kwa muda mrefu, tepu ya kupimia imemning'inia shingoni.

Kapera alirudi saa kumi na mbili jioni, mbio, kofia mkononi. Akawakuta majirani wamejaa kwenye ngazi mbele ya mlango wake uliovunjwa, wanalinda. Kwa mara ya kwanza alisimama. Akamsalimia kila mmoja, kwa zamu, mpaka fundi viatu.

"Karibuni ndani," akasema, anaona haya. "Sijui hata nianzie wapi kushukuru. Angalau niwape kitu cha baridi."

Akafungua friji lililosumbua watu kutwa nzima. Ndani mlikuwa na chupa moja ya maji na nusu limau iliyokauka.

Watu wakaangalia friji, wakamwangalia kapera. Hakuna aliyecheka, isipokuwa kapera mwenyewe, ambaye alianza kwa aibu akaishia kwa kushika mbavu.

"Wanangu," Bibi Simu akasema, akikunja mikono ya blauzi, "huyu kaibiwa siku nyingi na njaa, nasi hatukupiga simu." Akamtuma muuguzi alete viazi, mshonaji alete sufuria kubwa, na yeye mwenyewe akamsogeza kapera pembeni, akamwomba amwonyeshe chumvi inakaa wapi jikoni kwake.

Hakuwa na chumvi pia.