Gari la Kumsindikiza Yusimí

Tangu Yusimí apate viza ya kumfuata mumewe Uhispania, baba yake, Evelio, alikuwa na neno moja tu: "Uwanja wa ndege nitakupeleka mwenyewe. Na kwa gari letu."

Gari lilikuwa la Kimarekani, kuukuu kuliko yeye mwenyewe, na halikuwa limewaka tangu mvua za mwaka juzi. Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa nyaya: maganda yake yalikuwa yameoza, ukiyagusa yanabaki vidoleni kama majivu. Evelio alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sukari pale mjini Cruces mpaka kilipofungwa. Akazing'oa zote. Viungio vya shaba vilivyoota kutu ya kijani akavichemsha kwa siki na chumvi, akavipiga msasa, akavilehemu kimoja kimoja nyakati umeme ulipokuwapo.

"Kompadre, ndugu yangu," jirani yake Arsenio alimtania juu ya ua, "hilo gari au bakuli la tambi?"

"Cheka tu. Ukitaka lifti, nitakupita."

Waya mnene wa kutoka kwenye betri hakuupata popote. Mwishowe alisokota pamoja nyaya za mashine mbovu ya kufulia. Alijua ni nyembamba. Alijua kabisa. Ila siku ya safari ilikuwa imeshabisha hodi.

Asubuhi hiyo gari liliwaka kwa mkupuo mmoja. Taa zikawaka, honi ikalia, majirani wakapiga makofi. Yusimí alikaa mbele, blauzi nyeupe, sanduku mapajani, akacheka kama alivyokuwa akicheka utotoni.

Walipoupita mji wa Ranchuelo, harufu ikaanza.

"Baba, kuna kitu kinaungua."

"Ni vumbi la zamani, mwanangu."

Moshi ukafoka chini ya dashibodi. Evelio alisimama kando ya barabara, akafungua boneti na kuuchomoa waya wa betri kwa mikono mitupu. Ngozi ya viganja ikabaki pale. Alipochungulia ndani, kazi yake yote ilikuwa imeyeyuka na kugandamana, donge jeusi.

Barabara ilikuwa tupu. Lilipotokea lori la vitunguu, Yusimí alilipungia. Dereva alikuwa akienda Santa Clara, mji wenye uwanja wa ndege. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja.

"Nenda wewe, mwanangu."

"Baba, hata hatujaagana…"

"Panda. Ndege haimngoji mtu."

Evelio alitaka kumkumbatia, lakini mikono ilikuwa masizi matupu na blauzi ilikuwa nyeupe. Basi akainama tu, Yusimí akambusu shavuni, na lori likaondoka naye.

Jioni Arsenio alikuja na maksai wawili kulikokota gari. Alitazama chini ya boneti, akaifunga taratibu. Utani haukumjia.

Wiki iliyofuata Yusimí alipiga simu. Aliongea habari za baridi, za nyumba ndogo, za mumewe anayerudi usiku. Kisha akauliza, "Na gari, baba?"

"Linatengenezeka," alisema Evelio. "Ukija nitakupokea nalo."

Evelio akadhani simu imekatika, kumbe mwanawe alikuwa analia.